Siku ya Arobaini na Moja

Vikombe vilikuwa vinne. Nilivikuta chini ya kitanda nilipokuwa nafagia, vimesukumwa hadi ukutani, kila kimoja na uji wake. Cha mbele bado kilikuwa na uvuguvugu. Kilichofuata kimeshika utando. Viwili vya nyuma vilikuwa vimechacha, na pilipili manga niliyoitwanga kwa mkono wangu imeganda juu kama vumbi la mkaa. Uji ule nilikuwa naukoroga mimi kila siku saa kumi na moja alfajiri, ulezi na asali nimebeba kutoka Tabora. Nampelekea mzazi chumbani, napokea "ahsante wifi", natoka. Kumbe haushuki kooni.

Nilikasirika. Nikavisuuza vikombe kwa kelele ili asikie, kisha nikamwambia mama pale jikoni, "Mkweo anadeka."

Nayaandika haya kwa idhini ya wifi yangu. Ameyasoma yote, akanikosoa sehemu mbili, nimesahihisha. Sehemu ya vikombe hakuigusa. Alicheka tu, akasema, "Na kelele zako nilizisikia."

Tulikuwa Kibirizi, Kigoma, nyumbani kwa mdogo wangu. Mimi ni fundi cherehani Tabora. Niliposikia wifi amejifungua mtoto wa kwanza niliifunika cherehani kwa shuka, nikapanda treni, nikashuka stesheni ya Kigoma pale reli inapoishia. Reli hiyo ilifika ziwani mwaka 1914, enzi za Mjerumani, na mpaka leo ukishuka pale unahisi nchi imekwisha, mbele ni maji tu. Nilikuwa na furaha. Shangazi mpya, nimebeba ulezi, asali, karanga na kanga doti mbili.

Nilikwenda kumlea mzazi. Wanaosema Kiswahili cha nyumbani wanajua kwamba mzazi si baba au mama wa mtu tu. Mzazi ni mwanamke aliyetoka kujifungua, na jina hilo analo mpaka atoke arobaini. Kazi zake zinajulikana: ale, alale, anyonyeshe, akandwe maji ya moto. Yaliyobaki yote ni ya wengine. Sijui mila nyingine yetu yenye akili kama hiyo.

Ila ona tulivyoifanya. Siku ya saba akika, nyumba ikafurika. Baada ya hapo hapakupita siku bila wageni, na mgeni Kigoma haondoki na mdomo mkavu. Nikawa mpishi: ugali wa muhogo, migebuka ya mawese, chai, maandazi. Mzazi naye akiitwa sebuleni avae kitenge kizuri, amtoe mtoto, akae apokee "hongera". Mtoto hajambo? Sura ya nani hii? Mbona pua ya kwao? Mimi jikoni nilikuwa nahesabu sahani. Laiti ningehesabu maswali, ningeona kwamba watu wote wale walikuja kumwona mtoto. Hakuna aliyemuuliza mzazi usiku amelala saa ngapi.

Ukweli ni kwamba alikuwa halali kabisa. Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa. Anatoka jioni na taa, anarudi alfajiri, kwa hiyo usiku mama yule alikuwa peke yake na mtoto anayelia. Mimi na mama yangu tulilala chumba cha pili, tumechoka na kupika. Na hata mtoto aliponyamaza, wifi hakupata usingizi. Alikaa kitandani akimtazama kifua kama kinapanda na kushuka. Hilo sikulijua mpaka baadaye sana. Nilichokiona mimi ni mwanamke anayesinzia mchana huku mtoto analia, maziwa yamelowanisha kanga mpaka tumboni, na yeye ameelekeza macho kwenye dagaa walioanikwa nje, kunguru wanatua, hawafukuzi.

Aliyeona alikuwa bibi mmoja Mmanyema kutoka Ujiji, aliyekuja asubuhi kumkanda. Siku moja alipomaliza alikaa kwenye kigoda akijifuta mikono, akaniambia, "Mwili upo huu, mwenyewe hayupo." Nikadhani ni maneno ya wazee. Nikampa hela yake na nusu kilo ya karanga.

Halafu mtoto akapungua uzito kidogo. Hapo ndipo likaja lile neno. Wasiolijua wana bahati: mtoto akinyong'onyea, watu husema amebemendwa, maana yake mama au baba ametoka nje ya ndoa akamrudishia mtoto udhaifu. Jirani alilisema uani kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini inayofika kila chumba. Mwanamke ambaye hajavuka kizingiti kwa wiki tatu! Na sisi tuliokuwapo tulinyamaza. Nilikuwa na mwiko mkononi, nikaendelea kukoroga.

Siku mbili baadaye nilikuwa namkunjia nepi. Akaniuliza bila kugeuka, "Wifi, hivi mimi nikilala nisiamke, huyu utamlea wewe?"

Nikamjibu, "Acha kujiapiza. Utaita mabaya."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi kuliko neno lolote nililowahi kusema. Mtu alikuwa amefungua mlango kwa mkono wake, mimi nikausukuma ukafungwa, tena kwa jina la busara.

Arobaini ikatoka. Mtoto akanyolewa, dua ikasomwa, watu wakala. Siku ya arobaini na moja nikapanda treni kurudi Tabora, maana Idi ilikuwa inakaribia na nguo za wateja zilikuwa zimenirundikia. Mama naye akarudi kwake Ujiji. Yule bibi wa kukanda akawa amemaliza kazi yake. Wageni walikuwa wameshamwona mtoto. Kwa siku moja nyumba ikawa tupu, na mvuvi jioni akabeba taa yake.

Siku iliyofuata, ya arobaini na mbili, ni wiki 6 kamili, siku ya chanjo. Wifi alimpeleka mtoto kliniki. Wakampima, wakamchoma sindano, wakaweka nukta kwenye kadi. Kadi ya kliniki ni kitu kizuri, imeokoa watoto wengi, ina mistari inayokuonyesha mtoto anapanda au anashuka. Mstari wa kuonyesha mama anapanda au anashuka haumo. Aliambiwa mtoto anaendelea vizuri, akarudi nyumbani. Jina la mahali hapo silitaji, na sidhani kwamba walikuwa watu wabaya. Foleni ilikuwa ndefu na aliyekuja na mtoto mwenye afya alionekana hana shida.

Simu nilipigiwa karibu wiki tatu baadaye. Kabla ya jua kuchomoza wifi alimlaza mtoto kwa jirani, akashuka ufukweni peke yake, akakaa kwenye mchanga karibu na maji, miguu imelowa. Akina mama wanaosubiri mitumbwi ya dagaa ndio waliomkuta. Mmoja wao, mtu mzima, alikaa chini kando yake na beseni lake, hakumuuliza kitu. Mitumbwi ikaingia, wenzake wakaenda kununua, yeye akabaki pale. Ile siku mama huyo hakupata dagaa. Jina lake silitaji lakini kanga yangu moja iko kwake.

Hapa ndipo wifi aliponikosoa mara ya kwanza. Niliandika kwamba alikwenda kujitupa. Amesema: "Andika kwamba nilikwenda kutafuta mahali ambapo sitasikia mtoto akilia. Nilipofika pale ndipo mawazo mengine yakaja." Nimeandika.

Nikarudi na treni ya kwanza, nguo za Idi nikamwachia fundi mwenzangu. Tukampeleka kituo kingine, na muuguzi mmoja wa makamo akatutoa mimi na mdogo wangu nje ya chumba. Alikuwa na karatasi yenye maswali kumi. Nimekuja kujua kwamba maswali hayo yalitungwa Edinburgh, Uskochi, yakachapishwa mwaka 1987, na yametafsiriwa kwa lugha nyingi duniani. Hayana ufundi wowote wa kutisha. Yanauliza siku 7 zilizopita ulikuwaje: umeweza kucheka, umejilaumu bila sababu, umepata hofu, umekosa usingizi kwa huzuni, umelia. La kumi linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 30. Karatasi hiyo haimwambii mtu anaumwa nini, inamwambia mhudumu kwamba hapa kaa, uliza zaidi. Dakika kumi hazifiki. Sisi tulikaa naye siku arobaini.

Ugonjwa wenyewe unaitwa sonona. Nilikuwa nalisikia neno hilo redioni nikidhani ni la watu wa ofisini. Sonona baada ya kujifungua ni tofauti na yale machozi ya siku za mwanzo. Machozi yale huwapata akina mama wengi, huanza siku ya tatu hivi, analia kwa kitu kidogo, dakika tano baadaye anacheka, na kabla ya wiki mbili kuisha yameondoka yenyewe. Homoni za estrojeni na projesteroni zilizopanda miezi tisa huporomoka ndani ya siku chache, mwili unayumba, kisha unatulia. Sonona haitulii. Inapita wiki mbili, inakula usingizi, chakula, na ile raha ya kumtazama mtoto. Yaweza kuanza mapema, yaweza kuanza mwezi wa tatu au baadaye ndani ya mwaka wa kwanza, yaani wakati ambapo kila mtu ameshakwenda zake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake waliotoka kujifungua, karibu asilimia 13 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea kama yetu ni karibu asilimia 20. Hao ni mmoja kwa kila watano. Hesabu wazazi wa mtaa wako.

Kuna jambo jingine watu wanalichanganya na hilo. Mama akianza kusikia sauti, akae siku kadhaa bila kulala wala kusikia usingizi, au aseme mtoto si wake, au mtoto ana kitu ndani, hiyo ni hali nyingine, wakongwe waliiita kichaa cha uzazi. Ni ya nadra, mmoja au wawili katika wazazi 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Hiyo haingoji kesho. Ni hospitali siku hiyohiyo, na mama asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo.

Na kwa wanaosema mambo haya ni ya Wazungu: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 199, ina kosa la pekee la mama aliyesababisha kifo cha mtoto wake asiyefikisha miezi 12, wakati akili yake imevurugika kwa kuwa hajapona athari za kuzaa. Sheria hailihesabu kuwa mauaji ya kukusudia. Wanasheria walilijua jambo hili zamani hizo. Sisi uani tukasema anadeka.

Wifi alipewa dawa. Zipo dawa za sonona ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia. Daktari ndiye anayechagua, na zinahitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, kwa hiyo asiache siku ya nne akisema hazisaidii. Walimpima damu pia, ilikuwa ndogo. Na akawa anarudi kuzungumza na yule muuguzi. Lakini siku zile dawa hazijaanza kufanya kazi zilituangukia sisi, na hapo ndipo nilijifunza kulea mzazi, nikiwa na miaka thelathini na nane na watoto wangu watatu.

Kwanza usiku. Mungu alituletea mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, mdogo wangu akawa nyumbani. Tukapanga: wifi ananyonyesha saa tatu usiku, anakamua maziwa kwenye kikombe safi, anahamia chumba changu cha nyuma, na mlango unafungwa. Baba mtu akabaki na mwanawe. Usiku wa kwanza nilimsikia akizunguka sebuleni, anamwimbia mtoto nyimbo za kuvuta nyavu maana hajui nyingine. Wifi alilala saa sita mfululizo. Alipoamka alikuja jikoni mwenyewe, akasimama, akasema, "Kuna harufu ya maandazi." Maandazi nilikuwa nayakaanga kila siku arobaini nzima.

Mwezi ulipopungua mdogo wangu akarudi ziwani, mimi nikahamisha godoro langu likaingia kwa mtoto.

Pili, wageni. Mdogo wangu alisimama mlangoni akasema mzazi amelala. Watu walinuna. Shangazi yetu mmoja mpaka leo ana kinyongo, na nimeamua akae nacho.

Tatu, nikaacha lile "ukiwa na shida sema". Mtu mwenye sonona hana nguvu ya kuchagua shida ipi aanze kuisema, na akishasema anajiona mzigo. Ingia ndani, useme "nimekuja kufua", ufue. Na maswali ya moja kwa moja. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, huku magoti yanatetemeka, "Wifi, leo yale mawazo ya ziwani yamekuja?" Nilikuwa naogopa kwamba kuuliza ni kumkumbusha. Muuguzi aliniambia hapana, kuuliza hakupandi mbegu, kunampunguzia mtu upweke. Siku nyingine alijibu ndiyo. Siku hizo hatukumwacha, na dawa zote za nyumba, hata za panya, nilishazipeleka kwa jirani.

Nimesoma kwamba kazi hii ya kukaa na mtu haihitaji digrii. Harare, Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alifundisha mabibi 14 kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu wenye kile wanachokiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ni kama sisi tunavyosema "ana mawazo". Na Pakistani vijijini, wahudumu wa afya wa kawaida wanaotembea nyumba kwa nyumba walifundishwa kuzungumza na akina mama wenye sonona wakiwa bado wajawazito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, na katika kundi lililotembelewa bila mazungumzo hayo asilimia 53. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii hata sisi tunao, wanapita na madaftari yao wakiuliza chandarua na choo. Kwenye daftari hilo swali moja la mama lingeenea.

Mama yangu hakukubali kwamba ule ni ugonjwa. Mpaka leo anasema ni uchovu, yeye alizaa saba na hakuna aliyemuuliza kitu. Alileta na mtu wa kusoma, hirizi ikafungwa mtoto mkononi, na mimi sikugombana naye, mradi vidonge vinamezwa saa yake. Mwanzoni nilidhani lazima nimshinde kwa hoja. Kumbe saa kumi alfajiri, mtoto akianza kulia, ni mama huyohuyo aliyekuwa anaamka kabla yangu, anamchukua, anakwenda naye uani akimnong'oneza. Jina la ugonjwa alilikataa, kazi yake aliifanya.

Mdogo wangu naye alikonda. Baba nao hupata sonona, watu hawalisemi, na yeye alilala na hofu ya kurudi kutoka ziwani akute nini. Hilo tuliliona kwa kuchelewa na bado sina maneno mazuri ya kulieleza.

Kupona hakukuwa siku moja. Alipiga hatua, akarudi nyuma, mwezi wa tano wa mtoto akalia tena wiki nzima tukadhani tumeanza upya. Mahali pa pili aliponikosoa ni hapa. Niliandika kwamba mwezi wa nane alikuwa amepona. Amefuta, ameandika kwa mkono wake pembeni: "Mwezi wa nane nilianza kufukuza kunguru."

Sasa ana mimba ya pili, miezi saba. Muuguzi alitwambia aliyewahi kupata sonona yuko karibu nayo zaidi, kwa hiyo kliniki wameshaambiwa, na ile karatasi ya maswali kumi tunayo ndani ya kadi. Juzi nilikuwa Kibirizi tukapanga. Mdogo wangu alileta kalenda ya ukutani, tukaanza kuandika zamu za usiku, yeye akichukua siku za mbalamwezi. Arobaini nzima mama na yule bibi wa Ujiji wamesema ni yao, hawataki kuingiliwa. Nikakata tiketi ya treni yangu kwa hesabu hiyo. Zamu yangu inaanza siku ya arobaini na moja.